Bwana Thackray Anamuaga Lady Ismay

Mwanangu Nell, wa miaka miwili, sasa hivi amechota uji kwa kijiko akautia ndani ya buti langu: kidogo mbele, kidogo pembeni, kisha akajifanya anafunga mlango wa tanuri. Kamuiga Bwana Alwyn Thackray, dereva wetu wa treni ya mvuke, ambaye Jumapili hii, tarehe 28 Septemba, anastaafu baada ya miaka hamsini na miwili katika reli ya Skelbeck.

Alikuja akiwa kijana wa kusugua masizi, mwaka ule wenzake walipoikuta injini yetu, Lady Ismay, inaliwa na kutu kwenye yadi ya vyuma chakavu. Watu wakawacheka, wakasema zama za mvuke zimekwisha. Wao wakaifungua skrubu kwa skrubu, Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka tisa. Siku ilipopiga honi tena, wazee waliowahi kuchimba makaa bondeni walivua kofia. Tangu hapo Bwana Thackray hajampita mtoto anayepunga mkono bila kumpigia honi.

Kwake kazi huanza na chakula: mayai na bekoni hukaangwa juu ya beleshi la makaa, ndani ya tanuri la injini. Mimi ni muuza chai wa stesheni. Asubuhi niliyokwenda kujifunza kuchochea moto wa injini, beleshi limo ndani, bekoni inachachatika, yeye akasahau akafungulia mvuke. Injini ikavuta pumzi, chakula chote kikapaa na kutokea kwenye bomba la moshi. Kipande kimoja kikatua juu ya kofia ya Bi Petch, mkata tiketi, ambaye mpaka leo hasimami karibu na injini.

"Usinune, binti wa chai," Bwana Thackray akaniambia, akiipapasa injini. "Bibi huyu naye hula."

Jina hilo la binti wa chai likanishika mwaka mzima. Nami nilitamani jingine, maana mchochea moto wetu wa mwisho amehamia pwani. Madereva wapo, lakini bila mtu wa moto, Lady Ismay itafungiwa bandani baada ya Jumapili. Na anayewapitisha wachochea moto ni Bwana Thackray peke yake. Leo asubuhi nimepanda naye mlima wa Crag, natia makaa kidogo kidogo kama anavyopenda, na mvuke haukushuka. Akatazama mshale wa kipimo cha mvuke, akanywa chai yake.

Bwana Thackray, asante kwa subira yako, na kwa kumbeba Nell akautazama moto bila kuuogopa. Tunakuombea pumziko tulivu, bustani isiyo na masizi, na mayai yasiyopaa. Na ukisikia honi ukiwa nyumbani, ujue...

Bwana Thackray mwenyewe ananiita kutoka kwenye injini. "Mchochea moto, njoo. Bibi ana njaa, na abiria wameshakaa." Buti langu limejaa uji, Nell ameshatangulia mbio, lakini nimesikia alivyoniita, kwa hiyo kalamu naiacha hapa.