Kaseti Mama ya Ukoko

Sogeeni karibu, wanangu, na Gilang zima hiyo feni, inaimeza sauti yangu, na sauti yenyewe imebaki ya kupimwa kwa kijiko. Rengganis, keti hapa ubavuni uandike, mwenye mwandiko ni wewe. Nyamazeni mpaka nimalize. Kuna neno limenikaa kifuani miaka ishirini na minane, sitaki kwenda nalo kaburini.

Mnajua nilipiga ngoma kwenye bendi ya panki, muziki wa makelele, hapahapa Bandung, picha mmeziona, nimenyoa kichwa upande mmoja. Bendi tuliiita Kerak, yaani ukoko wa wali, maana Engkus wa gitaa alisema sisi ndio tuliobaki chini ya sufuria, tumeungua na bado tumeng'ang'ania. Tulipiga Jumapili mchana katika ukumbi wa mpira wa vinyoya kule Cicadas, ukuta kwa ukuta na msikiti, na Haji Sobari mwadhini alituvumilia kwa sharti moja, adhana ya alasiri isimkute mtu anapiga kelele. Ndiyo maana nyimbo zetu zilikuwa za dakika moja moja. Wageni walidhani ni hasira, kumbe tunawahi alasiri. Bibi yenu, Mungu amrehemu, alikuwa anapita na kapu lake la bala-bala, zile bajia za mboga, za moto, ananiuliza mbele za watu, "Onih, hiyo ni ngoma au unafukuza panya?" kisha anawauzia walewale wanaocheka.

Mwimbaji alikuwa Dayat. Akishika kipaza sauti utadhani atabomoa ukuta, lakini akishuka anaokota viatu vilivyowavuka watoto wa watu kwenye purukushani, anavipanga mlangoni viwili viwili.

Sheria yetu ilikuwa kwamba wimbo hauuzwi kwa kampuni ya muziki. Anayeutaka aje na kaseti yake kuukuu ya nyimbo za mapenzi, tunabandika karatasi kwenye vitundu vya mgongoni ili ikubali kurekodi upya, tunamnakilia, anaondoka nayo bure. Aliyeuza hapigwi wala hatukanwi. Akipanda jukwaani, ukumbi mzima unampa mgongo.

Tulirekodi nyimbo zetu kumi na nne katika chumba cha Engkus kilichobandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi, na kaseti mama, ya kutolea nakala, iliyokuwa moja tu, ikawekwa kwangu kwa sababu nilikuwa na kabati la kufuli. Jumatano yake, Rengganis, wewe una miezi kumi na moja, ukaanza kusema. Nikachakura kabati nikashika kaseti isiyo na jina, na kaseti zetu zote hazikuwa na majina. Mkono ukabandika karatasi wenyewe, kwa mazoea, nikakurekodi mpaka ukasinzia. Jumamosi ndipo nilipoisikiliza, nikajua nimeifuta kaseti mama.

Wiki hiyohiyo Dayat alionekana akinywa kahawa na mtu wa kampuni. Alikuwa anamkatalia, lakini nani aliuliza? Engkus akaja kwangu, akauliza kaseti iko wapi, nikasema sijui. Akasema, "Basi Dayat kaiuza." Nikanyamaza. Siku ya kwanza kwenye bendi waliniambia mwanamke huleta nepi, na pale si mahali pa nepi, na nilihangaika miaka miwili mpaka wakasahau. Nikaogopa watakumbuka.

Jumapili Dayat alisimama mbele, na watu wote wakageuka, migongo mitupu mpaka mlangoni. Akanigeukia mimi nyuma yake, akasema taratibu, "Dada Onih, tuhesabie, tuanze." Nikaweka fimbo zangu chini. Alipofika mlangoni akainama, akavipanga viatu, akaenda zake. Mpaka leo anaziba pancha barabara ya Cileunyi, na mimi hupita upande wa pili.

Sasa sikilizeni. Nyumba ni yenu wawili, msiikate kwa ukuta. Ngoma ni za Gilang, ngozi ya ile kubwa imechoka, badilisha. Kaseti imo kwenye kopo la biskuti, chini ya batiki zangu. Mpeni Dayat. Si kwa siri. Ukumbini, Jumapili, mbele ya waliogeuka, semeni aliyefuta ni Onih. Asiponisamehe, msimnunie.

Maji kidogo... Rengganis, umeandika? Huna kosa lolote, mwanangu, ulikuwa unaongea tu. Mungu awaweke pamoja. Awape... midomo ya kusema mapema kuliko mama yenu. Haya. Wahini alasiri.

*

Mama alifariki Ijumaa asubuhi. Mimi, Rengganis, nimeongeza haya machache. Niliyasoma maneno yake ukumbini, na Engkus, ambaye sasa ana mvi, alilia bila kujificha. Dayat aliipokea kaseti kwa mikono miwili.

Nyumba ni yetu sote, haina ukuta. Ngoma ziko kwa Gilang. Kaseti mama ni ya Dayat. Mimi nimerithi nakala ya kwanza, aliyoniletea Dayat mwenyewe baada ya wiki moja, kaseti kuukuu ya nyimbo za mapenzi iliyobandikwa karatasi mgongoni. Hakukata kitu. Kuna dakika kumi na mbili za mtoto anayebwabwaja, kisha kimya, kisha wimbo mmoja uliosalimika kwa sababu nilisinzia. Mama anahesabu moja hadi nne, na Dayat anaanza kuimba.