Kumuaga Mama Bado wa Maabara ya Maumivu

Mheshimiwa Naibu Waziri, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, Daktari Mkuu wa hospitali jirani, mume wa mstaafu wetu pamoja na wanawe, wafanyakazi wenzangu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Naleta pia salamu za panya mia mbili na kumi wa ghorofa ya chini, ambao hawakuweza kufika kwa kuwa wako kazini.

Nimepewa dakika kumi nimuage mkuu wangu wa kazi, na ratiba mliyo nayo mikononi inasema kwamba mwishoni nitatangaza matokeo ya dawa yetu ya majaribio namba hamsini na nane. Ndugu waandishi wa habari, naona mmeshika kalamu tayari. Zipumzisheni kwanza, maana siwezi kufika huko bila kumpitia mama huyu, na kumpita mama huyu hakujawahi kuwa jambo jepesi.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: kila mmoja hapa ameisikia mofini, au anamjua mgonjwa aliyeinywa. Kwenye neva zetu kuna vipokezi, vijisehemu vidogo ambavyo dawa hujishikiza ndipo ifanye kazi. Sasa kipokezi cha mofini ni kama nyumba iliyofungwa umeme na fundi mwenye haraka: unabonyeza swichi moja kuzima maumivu, na papo hapo macho yanalegea, pumzi inapungua, na choo kinagoma siku tano. Anayecheka hajawahi kukaa hizo siku tano. Tunachotafuta ni dawa itakayokishika kipokezi kilekile kwa namna nyingine, izime maumivu na kuyaacha mengine yalivyo. Ni rahisi kusema, sivyo? Mama huyu amelisema hilo kwa miaka ishirini na sita.

Jina lake la kwenye korido mnalijua. Leo nalitamka mbele yake kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kuanzia kesho hawezi tena kuniandikia barua ya onyo: Mama Bado. Ukimpelekea matokeo mazuri, anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, kisha anasema, "Bado." Ukimpelekea mabaya, anasema, "Haya, afadhali." Nani kati yetu hajatoka ofisini mwake akashuka ngazi akiongea peke yake?

Mficha uchi hazai, basi niungame. Miaka minne iliyopita mimi ndiye niliyekuwa mpima pumzi. Panya anapewa dawa, anawekwa kwenye kisanduku cha kioo, na mtambo unahesabu anavyopumua. Tulikuwa na dawa namba arobaini na moja, na panya wake walipumua vizuri ajabu, ilhali wale wa mofini walipumua kwa kusuasua. Nilipanda ngazi mbilimbili kumwambia mkuu. Akafuta miwani, akasema lile neno lake. Nikatoka nje nimefura, nikampigia simu mama yangu mzazi.

Mama yangu ana ugonjwa wa mifupa ya mgongo. Anakunywa mofini, na ikishamkolea, wajukuu wanakuja amelala na wanaondoka amelala. Nikamwambia, "Mama, dawa imepatikana." Mama yangu hana kifua cha kuweka siri, kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, na jirani mmoja alikuja kuniuliza kama inafaa na kwa jino.

Huku nyuma Mama Bado alichukua ndoo, akaipindua, akaikalia katika chumba cha panya asubuhi tatu mfululizo. Mtu mzima na cheo chake, juu ya ndoo. Siku ya tatu akaniita.

"Mwanangu, vizimba mnaosha saa ngapi?"

"Asubuhi, Mama, kabla ya kupima."

"Mnaanzia rafu ipi?"

"Ya chini."

"Na panya wa arobaini na moja wanakaa wapi?"

Walikaa rafu ya chini. Kila siku nilikuwa nikiwapima mara tu baada ya kuhamishwa na kuoshewa vizimba, wakiwa wamechangamka na kukimbizana; wale wa mofini, wa rafu ya juu, niliwapima mchana wakiwa wametulia. "Hawa wanapumua kwa fujo," akasema, "si kwa dawa." Tulipobadilisha rafu, pumzi zao zikashuka sawasawa na za mofini. Kazi ya miaka miwili ikazama, na kosa lilikuwa langu.

Nilimnunia bosi wangu mwezi mzima, Mheshimiwa, na kila asubuhi yeye ndiye aliyeanza kunisalimu. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa kurudi kwa mama yangu na kumwambia kwamba dawa haipo. Aliitikia, "Haya, mwanangu," akageukia ukuta. Ilinichukua muda kuelewa kwamba bila ile ndoo, dawa ile ingefika wodini, mgonjwa angeongezewa dozi kwa imani kwamba pumzi yake i salama, na asingeamka. Je, mama wa nani angekuwa wa kwanza?

Sasa tufike kwenye tangazo. Matokeo ya namba hamsini na nane yalikamilika juzi, nayo ni mazuri: maumivu yametulia, pumzi iko juu, choo kinapatikana, na rafu, nawahakikishia, tunazibadilisha kila siku. Jana nilimpelekea mkuu. Aliyasoma yote, akanisukumia karatasi na kusema, "Mimi naondoka. Amua wewe."

Nimeamua. Panya wale tumewapima kwa dozi ya kwanza tu. Mama yangu hanywi dozi ya kwanza; anakunywa kila siku, huu mwaka wa sita. Jumatatu tunaanza kuwapa panya dawa hiyo kila siku kwa wiki sita, na mpaka hapo, Mheshimiwa, sina la kutangaza. Mkuu wangu, hiyo ndiyo zawadi yangu ya kukuaga. Saa ya ukutani utapewa na Bodi.

Mama yangu mzazi yumo humu ukumbini, mstari wa pili, amevaa gauni jipya. Asubuhi ya leo amekataa mofini yake, ili awe macho mwanawe akitangaza. Tangu nianze kusema namwona akibadilisha mkao, na kila nikimtazama anatabasamu. Mama, nisamehe. Kidonge chako ninacho mfukoni. Nashuka sasa hivi nikuletee na maji. Kinywe, ulale hapohapo kwenye kiti, hakuna atakayekulaumu. Siku nitakayokuwa na neno la kweli, nitakuja kukuamsha mwenyewe.

Wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunitegea sikio. Niruhusuni niende kwa mama.