Mwalimu Tuone na Mshumaa wa Darasa la Saba

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha sayansi katika shule hii, Mwalimu Tuone anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Jina hilo halimo kwenye cheti chake chochote. Alipewa na wanafunzi wake wa kwanza, kwa sababu kila akiulizwa swali, badala ya kujibu alisema "tuone", kisha akaanza kutafuta ndoo.

Alianza na darasa la nne, katika chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, chenye kabati lisilo na mlango. Vifaa vya maabara havikuwepo, hivyo alivibeba kutoka nyumbani kwake: chujio, birika, mizani ya jikoni na glasi zote. Mumewe, ambaye ni fundi bomba, ametulalamikia miaka nenda miaka rudi kwamba yeye hunywa maji kwa kikombe cha bati kwa kuwa glasi zake zimeoteshewa maharage. Malalamiko yake yamepokelewa na yanafanyiwa kazi.

Utaratibu wa mkewe haukubadilika. Kabla ya jaribio lolote, kila mtoto aliandika anachodhani kitatokea, akatia sahihi na kubandika karatasi ukutani. Mkaguzi mmoja aliyekuja kutazama maandalio ya somo naye alipewa karatasi. Akakisia kwamba chungwa lililomenywa litaelea na lenye ganda litazama. Ikawa kinyume, na karatasi ya mheshimiwa ikakaa ukutani muhula mzima.

Wasifu huu ungekuwa na kasoro kama usingetaja habari ya mshumaa. Kila mwaka darasa la saba lilisimamisha mshumaa unaowaka katikati ya sahani yenye maji, likaufunika kwa glasi. Mshumaa ulizimika, maji yakapanda ndani ya glasi. Kitabu cha kiada kilieleza kwamba oksijeni imekwisha na maji yamechukua nafasi yake. Tangu alipopandishwa darasa la saba, Mwalimu Tuone alifundisha hivyo kwa miaka kumi na moja, na mitihani ilitaka hivyo hivyo.

Mwaka wake wa kumi na tano kazini, wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, msichana wa dawati la mbele aliuliza: "Mwalimu, mbona maji hayapandi mshumaa ukiwa unawaka? Yanangoja uzimike."

Jaribio lilirudiwa mara tano. Kisha ikawashwa mishumaa minne badala ya mmoja, kwa glasi ile ile, na maji yakapanda zaidi, ingawa oksijeni iliyomo ilikuwa kiasi kile kile. Ikabainika kwamba moto hupasha hewa joto, hewa hutanuka na kiasi chake hutoroka kama mapovu. Mshumaa ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, na maji husukumwa ndani. Oksijeni ilikuwa imesingiziwa kwa sehemu kubwa.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya shule nzima. "Nimefundisha vibaya kwa miaka kumi na moja," alisema. "Naomba radhi. Anayetaka kuona, aje darasani kwangu saa nne." Aliwafuata hata waliokwisha kumaliza shule. Kinyozi wa jirani, mwanafunzi wake wa zamani, alipewa somo zima akiwa ameshika mashine, na mteja akasubiri na kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

Wazazi hawakufurahi. Walisema anawachanganya watoto mtihani ukiwa mlangoni. Kikao cha kamati ya shule kikaitwa, yeye akaambiwa asubiri nje kwenye benchi, na alipoingizwa aliarifiwa kwamba anaondolewa darasa la saba na kupelekwa la tatu. Alikaa huko miaka sita. Kwa mwalimu aliyejenga jina lake kwa kuwavusha watoto wa darasa la mwisho, lilikuwa pigo, na sitalipamba. Alihamisha glasi zake siku ile ile kwa toroli. Watoto aliowaanzisha kule ndio waliokuja kuipa shule matokeo bora ya sayansi kuliko yote iliyowahi kuyapata, ndipo akarudishwa juu. Swali la mshumaa, kwa taarifa ya wasomaji, halikutoka kabisa kwenye mtihani ule.

Kumbukumbu za kikao zinasema "wajumbe walipendekeza" ahamishwe. Nazifahamu vizuri, maana niliziandika mimi, nikiwa msimamizi wa mitihani. Hakuna mjumbe aliyependekeza. Nilipendekeza mimi, wengine wakanyamaza. Mwalimu Tuone hakuwahi kuniuliza. Kila mwaka alinikaribisha nikatazame jaribio, na kila mwaka nilikuwa na madaftari ya hisabati ya kusahihisha.

Jumamosi iliyopita, nikijiandaa kuandika haya, niliweka mshumaa kwenye sahani ya maji jikoni kwangu, nikaufunika kwa glasi. Maji yalitulia hadi moto ulipozimika, kisha yakapanda. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nabishana na jambo ambalo lingenichukua dakika tatu kulitazama.

Mwalimu Tuone, shule inakushukuru kwa kazi yako yote. Wewe na fundi wako tunawaombea afya, utulivu na siku nyingi za furaha. Mimi nilikosea, nikakuumiza, na nikajificha nyuma ya wajumbe. Naomba radhi.