Ubeti wa Pili wa Mzee Duni

Wapo watu hapa Vitongoji wanaoswali Alasiri huku nyoyo zao zikiwa zimekwisha kuketi kwenye benchi la Matano muuza kahawa. Mola amewaonya waja wake dhidi ya kusengenya, akaufananisha uovu huo na kula nyama ya ndugu. Basi benchi hili halina haja ya kashata. Jana aliyeliwa alikuwa Mzee Duni, mpiga gambusi, aliyewaimbia harusi zao tangu ujana wao, na ambaye sasa amelala kwake, kiharusi kimemnyang'anya mkono mmoja na nusu ya kumbukumbu.

Aliyeanza ni Pandu, aitwaye Redio kwa kuwa hanyamazi.

— Duni mie ndiye niliyemtoa! Nani alikuwa akimjua?

— Ulimtoa wapi, yakhe? akadakia Khatib Paspoti, ambaye paspoti anayo na hata boti ya bandari ya Mkoani hajaipanda. — Yule kajifunzia Maskati. Tajiri mmoja kamsikia, kalia mpaka kilemba kikaloa.

— Astaghfirullahi! akasema Zahran Fatwa, mtoa hukumu asiyeombwa. — Kafundishwa na jini. Nyuzi za gambusi lake ni nywele za jini mwanamke. Kiharusi gani? Mwenyewe kaja kudai nywele zake!

— Kumbe jini ana kipara sasa? akauliza Matano.

— Weye mimina kahawa.

— Si jini, akasema Redio. — Wazungu walikuja kumpima, wakakuta ana makoo mawili. La kuimbia na la kulia wali.

— Basi weye unalo moja tu, la wali, akamchoma Paspoti.

Wakacheka hadi vikombe vikagongana.

— Chekeni! akasema Redio. — Harusi ya binti yangu Shadya nilimrekodi kwa simu. Mie mwenyewe nimo!

Hapo akatokea Mwanamize, binti wa Mzee Duni.

— Asalamu alaikum. Shikamooni.

— Waalaikumu salamu, mwanangu, akajibu Fatwa. — Sasa hivi tulikuwa tukimwombea dua babaako.

Uongo huo ulitoka tasbihi ikiwa mkononi.

— Ahsante, ami. Tangu alfajiri anauimba wimbo aliomtungia marehemu mama, mtu wa Wambaa, alipomposa. "Mwambieni wa Wambaa, taa bado naiwasha." Ubeti wa pili umempotea. Akifika hapo analia kama mtoto. Mie siujui, alikuwa akiuimba upande wa wanaume. Nyie mlikuwapo kila harusi. Ubeti wa pili unasemaje?

Paspoti akatazama ndani ya kikombe.

— Si ule… wenye ile taa?

— Taa ni wa kwanza, ami.

Tasbihi ya Fatwa ikasimama.

— Simu, Redio! akasema. — Si ulirekodi?

Redio akaitoa kama mtu aliyeletewa msamaha. Gambusi likalia. Sauti ya Mzee Duni ikapanda, safi, na Mwanamize akafumba macho. Ubeti wa kwanza ukaisha. Ndipo sauti nyingine, ya Redio mwenyewe, ikafunika kila kitu:

— Yakhe, pilau hili nyama zi wapi? Leteni sahani nyingine huku!

Kisha vicheko vya Paspoti na Fatwa, vinavyojulikana mtaa mzima.

Wakarudia. Pilau lile lile.

Tumefundishwa kwamba sikio litaulizwa lilisikia nini. Watu hawa walidhani wana muhula hadi Kiyama. Nami niliyekuwa nikinywa kahawa pembeni niliwaona wameinama, nikawahurumia, maana hakuna hata mmoja aliyemchukia mzee yule. Walimpenda wote, midomo ikiwa imejaa.

Mwanamize akaisogeza simu karibu na macho. Uso wa Redio ulijaa kioo kizima, lakini nyuma ya sikio lake Mzee Duni alionekana, macho yamefumbwa, midomo inamwenda.

— Huyu hapa, anaimba. Anasema nini, ami?

Ndani ya simu Mzee Duni akamaliza wimbo wake, nao wote watatu, humo humo simuni, wakampigia makofi.