Mfiwa wa Bwana Vigoda

Dodoma ya Mjerumani ilikuwa na boma, reli mpya, na benchi la Rajabu muuza kahawa. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa behewa bovu uliolazwa juu ya mawe mawili, karibu na stesheni, na ukishalipia kikombe kimoja ulikuwa na ruhusa ya kusema lolote mpaka jua lizame. Siku hiyo walikuwa wanamsema maiti. Mzungu waliyemwita Bwana Vigoda, aliyeishi peke yake nyuma ya stesheni akinunua vigoda, zeze na ngoma kuukuu za Wagogo, alikuwa amezikwa jana yake. Makasha yake yalikuwa stesheni, yakingoja treni ya pwani. Mwisho wa benchi alikaa Gideoni, roho juu. Ndani ya kasha mojawapo kilikuwamo kigoda cha marehemu baba yake, na katika nyumba yao mtu hawi mkubwa wa ukoo mpaka akikalie kigoda hicho mbele ya wazee. Wazee walikuwa wakutane baada ya mavuno.

— Karani wa stesheni kakwambiaje? aliuliza Rajabu, akimmiminia.

— Kasema mali ya maiti haizungumzwi na kila mpita njia. Ati nimpelekee kwanza ndugu wa marehemu, ndiye aseme naye.

— Ndugu zake si wako Ulaya?

— Ndiyo hapo.

Kefa, kibarua wa nguzo za simu, ambaye kwa sababu hiyo walimwita Telegrafu, aliweka kikombe chini.

— Mimi nawaambieni, yule alitumwa. Ulaya viti vimekwisha.

— Viti viishe Ulaya? Bushiri alicheka. Huyu walimwita Shahidi, maana hakuna jambo lililotokea Dodoma yeye asilishuhudie. — Mimi nimemwona kwa macho yangu mawili akikinusa kigoda. Alikuwa anatafuta jasho. Jasho la mzee wa Kigogo linachemshwa linakuwa dawa. Ndiyo maana kipya hakitaki.

— Kipya kweli hakutaka, alisema Rajabu. Sila fundi alimletea vitatu vinanukia mti mbichi, akamrudisha navyo.

— Basi sikieni, alisema Telegrafu. Vinapelekwa kwa Kaisari. Anakalia kimoja kimoja. Akikalia cha mzee fulani, ukoo mzima unakuwa wake. Ndiyo maana tunaitwa kulima barabara na tunakwenda.

— Barabara tulianza kulima kabla Bwana Vigoda hajafika, alisema Gideoni.

— Wewe unamtetea kwa sababu ulikula blanketi lake.

— Na yale makasha yanapumua, aliongeza Shahidi. Nimeyaona jana.

— Panya, alisema Rajabu.

Gideoni alipiga funda la kahawa. Ni kweli kigoda alikitoa kwa blanketi, mwaka wa njaa, mtoto akitetemeka. Lakini kila alipopita kumsalimu, Bwana Vigoda alikishusha kigoda kile ukutani, akakipangusa, akamkalisha Gideoni juu yake, naye mwenyewe akakaa juu ya kasha. Kisha aliuliza habari za baba yake, zilezile, kana kwamba hajawahi kuzisikia. Kwa hiyo Gideoni aliuza kigoda na bado akawa anakikalia, na siku zote hizo hakujiona kama mtu aliyepoteza kitu.

Ndipo akafika mama mmoja, vumbi mpaka magotini, kuku kwapani.

— Mbukwenyi, aliamkia, wakaitikia. — Naitwa Anyesi, natoka Mvumi. Nimesikia yule Mzungu wa ngoma kafa. Alichukua ngoma ya marehemu mama yangu. Kabla hajaichukua aliniomba niipige mara ya mwisho. Nikapiga nikalia, na yeye akalia. Nimekuja kutoa pole. Mfiwa nani?

Telegrafu aliangalia nguzo zake. Shahidi, aliyeona kila kitu, aliangalia ndani ya kikombe.

— Nauliza, alisema Anyesi. Kuku huyu nimpe nani?

— Nipe mimi, alisema Gideoni.

Rajabu alimtazama.

— Gideoni, wewe unataka kigoda. Unataka ukamwambie karani kwamba wewe ndiye ndugu.

— Nakitaka, sikufichi. Lakini nimefiwa vilevile. Nilikuwa sijajua mpaka mama huyu alipouliza.

Akashuka kwenye benchi, akaketi chini mavumbini, miguu ameinyoosha, kama wanavyoketi wenye msiba. Anyesi akapiga magoti, akamshika mkono.

— Pole, baba.

Gideoni akadhani yataishia hapo, aende stesheni. Lakini walioko sokoni waliona mfiwa amekaa, wakaanza kuja. Alikuja mpiga zeze, alikuja Sila fundi, wakaja kina mama ambao tangu jana walikuwa hawajui msiba uko wapi. Walijipanga. Huku mkono wa mmoja haujaachia, treni ikapiga filimbi.

— Ndiyo hiyo, Rajabu alimnong'oneza. Makasha yanapakiwa. Kimbia, hawa nitawaambia wakungoje.

Gideoni alitaka kukimbia. Goti moja lilishakunjika. Lakini mfiwa hainuki mikono ya watu ikiwa bado inakuja, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba ni mfiwa. Akalinyoosha goti.

— Pole, baba.

— Asante.

Mabehewa yalivutwa, yakagongana, yakashika njia ya pwani. Gideoni hakugeuza shingo. Alikuwa analia waziwazi sasa, na hakujua kama anamlilia Bwana Vigoda au anamlilia baba yake. Mkono uliofuata ulikuwa wa Shahidi.

— Mimi sikuona chochote, Gideoni, alisema. Pole.

Gideoni akamwonyesha mahali pa kukaa, pale chini, karibu naye.