Reuben Jhiradkar na Sala ya Kutoka Msalani

Majirani zetu wa Thane, na ndugu mliofunga safari kutoka Alibag mara tu mliposikia, huu ni wasifu wa kaka yangu, marehemu Reuben Isaji Jhiradkar. Kwetu Wayahudi maiti hangoji. Amefariki leo asubuhi na tunamzika leo alasiri, kwa hiyo mkikuta makosa kwenye karatasi mliyogawiwa, lawama ni zangu mimi mdogo wake, Segula, niliyeandika huku watu wakiniuliza sukari iko kabati gani. Mwanawe Elias, ambaye ndiye angesimama hapa, yuko Ashdodi, Israeli, na asingeweza kuwahi. Atamsomea baba yake Kadishi, sala ya mfiwa, huko huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 mjini Alibag, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Isaji na mama Malkabai. Baba alikuwa na kinu cha kukamua mafuta ya ufuta, kikizungushwa na ng'ombe, na Jumamosi ng'ombe alipumzika pamoja na wenye nyumba. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba. Ukitoka huko ulinawa mikono kwenye mtungi, ukasimama sawasawa, ukasema ile sala fupi ambayo Wayahudi husema baada ya haja: kumshukuru Mungu aliyemuumba mtu kwa hekima, akamtia matundu na mirija ndani yake, na kukiri kwamba likizibika moja au likiachia moja, haiwezekani kuishi hata saa moja. Inamalizia kwa kumhimidi Yeye aponyaye wote wenye mwili, atendaye maajabu. Mama hakutoa chai mpaka aisikie. Mimi nilikuwa nailipua. Reuben aliisema neno kwa neno, taratibu, mpaka chai yangu inapoa nikimsubiri, kwa sababu mama alitaka tunywe pamoja.

Alisoma shule ya msingi hapo Alibag kuanzia mwaka 1957, kisha mwaka 1964 akapelekwa Bombay kwa mjomba, akaingia shule ya Wayahudi ya Mazgaon. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwaka 1971 alipata stashahada ya ukaguzi wa afya na usafi. Mama alitamani awe karani wa benki, akae chini ya feni. Yeye akasema feni inampa mafua.

Tarehe 1 Juni 1973 aliajiriwa na manispaa ya Thane kuwa mkaguzi wa mitaro na mabomba ya majitaka, na huko alikaa mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2009. Alianza kazi mvua za mwaka zikiwa mlangoni, na wiki ya pili alikuwa amezama kwenye tope hadi kiunoni, akicheka. Katika kikosi chake alikuwemo Pascal D'Mello, Mkatoliki wa hapa hapa, ambaye leo ameketi mstari wa mbele na ambaye ameniruhusu kueleza yafuatayo. Siku moja Pascal alimkuta bosi wake amesimama nje ya choo cha ofisi, mikono inachuruzika maji, midomo inacheza.

"Bosi, unaongea na nani?"

"Na Mungu."

"Chooni?"

"Si chooni. Nje ya choo. Ndani ni marufuku."

"Na unamwambia nini saa hizi?"

Reuben akamweleza, kwa Kimarathi, tundu kwa tundu. Pascal akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo si sala, bosi. Hiyo ni taarifa ya kazi."

Tangu siku hiyo kikosi kizima kiliijua. Wahindu waliijua, Waislamu waliijua, na mtaro mkubwa ulipozibuka baada ya siku nzima ya kuhangaika, kuna aliyepaza sauti, "Aponyaye wote wenye mwili!" wakacheka na kwenda kunywa chai. Reuben hakuona kwamba wanakejeli. Alisema wameielewa.

Nisiache kutaja mkutano wa Januari 1996, ingawa ningependa kuuacha. Viongozi wa dini za mji waliandaa kikao ukumbini. Kila dini ilete sala moja inayoipenda, isomwe na kuelezwa kwa wengine. Msomaji wa sinagogi letu alishikwa na homa, na Reuben akatumwa badala yake. Wote tulijua atasoma Shema, "Sikia, Israeli", ile ambayo hata mtoto anaijua. Nilivaa sari yangu ya hariri. Nikakaa mbele. Kaka yangu akashika kipaza sauti na kusema, "Nimewaletea sala ya kutoka msalani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaisoma kwa Kiebrania, akaifasiri kwa Kimarathi, akaeleza mirija, valvu na mahali tope linapopenda kukaa. Kisha mzee mmoja wa Kiislamu, mwenye ndevu nyeupe, akainuka na kusema, "Bwana, sisi pia tunayo dua ya kutoka msalani. Ila hatujawahi kuisema kwa kipaza sauti." Watu waliangua kicheko, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka ratiba. Padri aliomba aandikiwe. Mama mmoja wa Kihindu, ambaye mumewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi dume, alimshika Reuben mkono akamwambia wao nyumbani walikuwa wanashukuru hivyo hivyo, ila hawakujua kwamba inaruhusiwa. Mimi nilimnunia kaka yangu mpaka sikukuu ya Pasaka. Alistahili.

Marehemu alifunga ndoa na Diborah Wakrulkar wa Panvel siku ya Jumapili tarehe 24 Desemba 1978, na jioni yake tukawasha taa ya kwanza ya Hanuka, sikukuu yetu ya taa, hina ikiwa bado mbichi mikononi mwetu. Wifi yangu Diborah alifanya kazi posta kwa miaka mingi. Sala aipendayo yeye ni ile ya kuwasha mishumaa ya Sabato, na Reuben alipoanza kuisifu sana ile yake, alimwambia mbele ya wageni, "Yako ni ya chooni, yangu ni ya sebuleni. Kila mtu abaki mahali pake." Walijaliwa watoto wawili, Elias na Hadasa. Ilikuwa ndoa yenye maneno mengi na mlango usiofungwa. Siku Reuben alipopona homa ya matumbo, Diborah, kwa desturi yetu ya kushukuru, alimwandalia Nabii Eliya sinia la pepeta za mchele zenye nazi na sukari lililotosha watu wa ghorofa zote nne.

Ugonjwa ulianza na shinikizo la damu ambalo alilidharau, kisha likala figo. Oktoba 2015 aliwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, katika kituo kimoja cha hisani hapa mjini, Jumapili, Jumanne na Alhamisi, ili Sabato ibaki salama. Pascal alimpeleka kwa pikipiki kila safari na kumngoja. Kiti cha jirani alikaa Bi Shamim Ansari wa Rabodi, mwalimu mstaafu, Mwislamu, mtu asiyekubali kushindwa kwa maneno. Walikaa hapo saa nne nne, mirija mikononi, wakifundishana. Yeye alimfundisha Reuben dua yake ya kutoka msalani, ambayo huanza kwa kuomba msamaha. Reuben akauliza, "Msamaha wa nini, dada? Umefanya nini humo ndani?" Bi Shamim akamjibu kwamba ni wa muda wote ambao hukumtaja Mungu ukiwa humo. Reuben alilipenda hilo sana. Naye akamfundisha yake, mpaka akaijua yote.

Wanaosafishwa damu wanajua kinachofuata. Mwanzoni mkojo bado unatoka, kisha unapungua. Februari 2017, wa kaka yangu ulikatika kabisa. Haja kubwa ilibaki, lakini kwa dawa zile ilimjia kwa kuchagua siku. Mtu aliyemhimidi Mungu mara saba, mara nane kila siku tangu utotoni, sasa alimhimidi mara moja, kisha akakaa siku tatu. Na kwetu sala ya namna hiyo haisemwi bila sababu yake. Kuisema hivi hivi ni kulitaja jina la Mungu bure. Mwanzoni alifanya mzaha. "Nimewekwa kwenye mgao," alisema, "kama maji ya bomba kijijini." Halafu akaacha mzaha.

Jumanne moja ya mwezi Machi Diborah alinipigia simu niende haraka. Nilimkuta Reuben kitandani amevaa pajama, Pascal mlangoni na kofia yake ya pikipiki.

"Kaka, muda umefika. Inuka."

"Mwambie Pascal arudi nyumbani. Siendi tena."

"Una wazimu?"

"Segula, umeisema ile sala tangu tukiwa wadogo. Likizibika moja, haiwezekani kuishi hata saa moja. Langu limeziba. Basi mimi hapa naishi kwa ruhusa ya nani? Nimewafundisha watu maneno haya miaka yote. Sitaki kuwa mtu anayeishi kinyume cha sala yake."

Nilimfokea. Diborah alikuwa analia akimvisha soksi mguuni, naye anaurudisha mguu chini ya shuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameamua, na hilo ndilo lililotuogopesha, maana daktari alishatuambia kwamba bila mashine hamalizi wiki mbili. Ni Pascal aliyetoa simu akampigia Bi Shamim, aliyekuwa tayari kwenye kiti chake, akamweleza mambo yalivyo, na kuiweka kwa sauti kubwa juu ya mto.

"Kaka Reuben, kiti chako kiko wazi. Wanataka kumpa mtu mwingine."

"Mpeni, dada."

"Nimesikia sababu yako. Sasa nijibu mimi. Bomba la mtaa likiziba kabisa, manispaa mlikuwa mnafanya nini? Mnahamisha mtaa?"

"Hapana. Tunaweka pampu pembeni, maji yapite kwingine."

"Na watu wanaendelea kuishi?"

"Wanaendelea."

"Na hiyo pampu ni kinyume cha Mungu?"

Reuben akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Umenifundisha mwenyewe, aponyaye wote wenye mwili, atendaye maajabu. Hukuniambia kwamba ni lazima atumie figo. Vaa viatu, mzee. Nesi ananitolea macho."

Akakaa kitandani. Akasema kwa sauti ndogo, na hiki ndicho kilichokuwa kinamuuma kweli, "Lakini siwezi tena kuisema kama zamani."

"Mimi ninaweza," akasema Pascal. "Nina kisukari, bosi. Nakojoa kwa niaba ya mtaa mzima. Nitakuwa naisema mimi, wewe uitikie."

"Wewe ni Mkristo."

"Kwani sina mwili?"

Reuben akamwomba Diborah soksi. Njiani walisimama kwenye sinagogi akamuuliza msomaji, ambaye alimthibitishia alichokuwa anakikumbuka: mtu wa dini nyingine akimhimidi Mungu, Myahudi anaweza kuitikia Amina, mradi ameisikia baraka yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Ikawa hivyo. Pascal alitoka msalani pale kituoni, akanawa, akasimama mbele ya kiti na kuisema kwa Kimarathi mbele ya wagonjwa wote. Alipoiparamia, Reuben alikataa kuitikia.

"Umeruka mirija."

"Nilitaja matundu, inatosha."

"Nusu haina Amina. Rudia."

Bi Shamim naye, ambaye figo zake zilikuwa bado zinatoa kidogo, alipopata aliisema, na siku hizo kulikuwa na furaha mara mbili. Kwa njia hii kaka yangu aliendelea na mashine karibu miaka mitatu zaidi. Alimwoza Hadasa Januari 2018 na kucheza kwenye hina yake akiwa amekaa. Alimpakata mjukuu. Nasema wazi kwamba miaka hiyo tulipewa na watu wawili ambao si wa sinagogi letu, na ninawashukuru hapa mbele ya kaburi.

Jana, Jumapili, shinikizo lake la damu lilishuka mno na mashine haikuweza kuwashwa. Daktari akatuambia turudi naye nyumbani. Leo, Jumatatu tarehe 11 Novemba 2019, kulipokucha, pumzi yake ilikuwa ya kuhesabika. Tulikwisha kumsomea Shema. Simu ya Diborah ikalia. Alikuwa Bi Shamim.

"Niwekee sikioni mwake," alisema. Kisha tukasikia, "Kaka Reuben, leo nimepata. Kidogo, lakini nimepata. Sikiliza mpaka mwisho."

Akaisema yote, taratibu, hakuruka kitu. Alipomaliza akangoja, nasi tukangoja. Mimi nilikuwa upande wa miguu na sikusikia chochote. Diborah alikuwa kichwani pake na anasema aliisikia Amina, ndogo lakini kamili. Nimebishana na wifi yangu kwa miaka arobaini juu ya kila kitu. Hili sibishani naye. Reuben aliitikia, kisha akafariki.

Marehemu ameacha mjane, Diborah, watoto wawili, Elias wa Ashdodi na Hadasa wa hapa Thane, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, Malka, mdogo wake mmoja, mimi, na rafiki zake Pascal na Shamim.

Ewe Uponyaye wote wenye mwili, mwili wake tunaurudisha kwako. Mlaze kwa amani.