Gavana Wetu Alizaliwa Upya Baada ya Mazishi

Benchi letu liko mbele ya duka la Hiram Goss, mkabala na mahakama, na hapa Kentucky hakuna benchi lenye maneno kulishinda. Wiki iliyopita tulimzika Gavana Lysander Pruett kwa bendi na hotuba. Sasa kamati ya kumuenzi, yaani sisi wenyewe tukivaa tai, inataka wageni waone kibanda cha magogo alimozaliwa, maana huku mtu hapewi kura mpaka awe amezaliwa kwenye magogo. Tatizo ni kwamba Lysander alizaliwa kwenye nyumba ya matofali ya baba yake, ile yenye nguzo nyeupe, na kila mtu anajua. Basi tumekitwaa kibanda cha mjane Orpha Stiles, mpangaji kwenye shamba la akina Pruett. Kesho maksai wanakuja kukiburuta hadi uwanja wa mahakama.

Kanali, aliyekuwa mlisha nyumbu jeshini, ndiye aliyeanza.

KANALI: Lysander alizaliwa mle. Nilikuwepo!

MIMI: Acha kamba, Kanali. Marehemu Stiles, mumewe Orpha, alikijenga Lysander keshaota ndevu.

KANALI: Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sasa Stiles angekijengaje?

Jaji akatema tumbaku. Tunamwita Jaji kwa sababu hakuna aliyeshtakiwa mara nyingi kama yeye.

JAJI: Sikilizeni. Mama mtu alikuwa safarini, uchungu ukamshika, theluji mpaka kiunoni, akaingia mle.

MIMI: Theluji? Si alizaliwa Julai?

JAJI: Theluji ya zamani haikuwa na adabu.

Hapo Pua, mnusa habari za watu, hakuvumilia.

PUA: Mnamsahau dubu! Alilinda mlango usiku kucha, baadaye akamfundisha mtoto kusoma.

KANALI: Tena akampigia kura!

MIMI: Dubu?

KANALI: Mwaka ule hata wafu walipiga, dubu ashindwe ana nini?

MIMI: Na wale watumwa waliokuwa wakimpepea akiwa mchanga?

JAJI: Hao walikuwa majirani.

MIMI: Na daraja alilotuahidi?

PUA: Alilijenga mioyoni mwetu.

KANALI: Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndiyo maana alikuwa kiongozi mwema.

Tulikuwa bado tunacheka Mama Orpha alipotokea, amekumbatia mto wa kulalia. Tukavua kofia. Nilijisikia vibaya kumvulia kofia mtu tunayemtwalia nyumba, lakini nilivua tu kama wenzangu.

ORPHA: Kumbe gavana alizaliwa kwangu.

KANALI: Ni heshima kubwa, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

ORPHA: Haya. Wanangu watatu nao walizaliwa mle, wawili wakafia mle mle. Sibishani na nyie wenye akili. Nauliza tu: kesho mkishaondoka na nyumba, mimi nitalala wapi?

Kanali akamtazama Jaji. Jaji akamtazama Pua. Pua akachungulia kikombe chake, na Hiram, mlangoni mwa duka lake, akasema kahawa imekwisha, ingawa birika lilikuwa bado linafuka mvuke.

Mama Orpha akaja mpaka kwenye benchi, akaweka mto wake pembeni ya paja la Kanali.

ORPHA: Basi hapa panatosha. Sogeeni.

Tukasimama wote.